Jicho Halikopeshwi

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Sivijui vizuri, na hata ningevijua nisingeviandika, kwa kuwa yeye mwenyewe alizidharau tarehe za kuzaliwa. "Kuzaliwa si hoja," alikuwa akituambia darasani, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi. "Jiwe huzaliwa chini huko, likakaa motoni mamilioni ya miaka, na hakuna alijuaye. Msiliulize limezaliwa lini. Liulizeni limetoka lini." Nami nitamweleza hivyo hivyo, mtu aliyetoka kidogo kidogo mpaka siku nilipomwona wazi.

Nitamwita Profesa. Sisi tulimwita Prof, kama Wakenya wanavyomwita kila mwenye miwani na mkoba uliochakaa, lakini yeye alikuwa profesa wa kweli, wa miamba. Kwa miaka sita nilifanya kazi kwenye maabara yake, chumba cha chini ya ardhi chenye madirisha mawili yaliyotuonyesha viatu vya wapita njia tu. Alikuwa mtu wa Pwani aliyehamia Parklands zamani, akaishi kwenye fleti ya ghorofa ya pili karibu na msikiti, na Kiswahili chake kilibaki kile cha kwao. Mimi aliniita binti, miaka yote sita. Nililipenda sana neno hilo, lilinifanya nijione niko nyumbani.

Kwenda naye katikati ya jiji ilikuwa kazi. Mwendo wa dakika kumi ulichukua saa nzima, maana hakuweza kupita jengo lililojengwa kwa mawe ya maana bila kulisalimia. Alikuwa akisimama mbele ya benki, anavua miwani, analaza shavu kwenye nguzo ya graniti na kufumba macho, huku wachuuzi wa soksi wanamkodolea macho. Siku moja askari wa mlangoni alimjia na kirungu mkononi.

"Mzee, hapo hapana. Hii ni benki, si ukuta ya kulalia."

"Silali, mwanangu. Nasikiliza ubaridi wake."

"Baridi iko Limuru. Songa kidogo."

Profesa alimwomba radhi, kisha akamweleza kwamba nguzo ile iliwahi kukaa kilomita nyingi chini ya ardhi, ina joto la kuivisha ugali, na kwamba kupanda kwake mpaka juu kulichukua muda ambao hata serikali zote za dunia ukiziunga pamoja hazijafika. Askari akaitazama nguzo, akamtazama Profesa, halafu akaniuliza mimi, "Huyu ni baba yako?" Nikasema ndiyo. Nilisema bila kufikiri, na siku hiyo sikujuta.

Sayansi yake naweza kuieleza kwa maneno ya sokoni, na alitulazimisha tuweze. Ndani ya graniti kuna fuwele ndogo kama chembe za sukari, zinaitwa apataiti. Ndani ya kila chembe kuna uraniamu kidogo sana, na mara moja moja uraniamu hiyo hupasuka na kuacha mkwaruzo. Jiwe likiwa chini kwenye joto, mikwaruzo hupona kama kidonda cha mtoto. Likipanda na kupoa, haiponi tena, inabaki na kuongezeka. Ukiweza kuihesabu kwenye hadubini, utajua jiwe lilipoa lini, yaani lilikuwa njiani kuja juu wakati gani.

Mawe yake yalikuwa magunia kumi na moja, aliyoyaokota ujanani kaskazini ya Bahari ya Shamu, kwenye mpaka ambapo mabamba mawili ya dunia yanapishana ubavu kwa ubavu. Sisi huku tumezoea Bonde la Ufa, ambako ardhi inaachana. Kule inapitana, kama watu wawili kwenye korido nyembamba, na pale korido inapopinda wanabanana, na kilichobanwa kinapanda juu. Swali la maisha yake lilikuwa moja: mawe yale yalipanda kwa sababu ya kupishana huko, au yalikuwa yamekwisha kupanda kabla mabamba hayajaanza? Alikuwa na jibu alilolipenda. Alitaka iwe ni kupishana.

Hakunipata darasani. Darasani tulikuwa wengi, na kichwa chake hakikuwa cha majina. Alinipata Kenyatta Market, ambako mama yangu ana saluni ya kusukia nywele, hatua chache kutoka kwa wachoma nyama. Jumamosi moja alikuja na Owino, fundi wa maabara, kula mbavu. Nyama ikachelewa. Profesa akaja kusimama mlangoni kwetu, mahali ambapo wanaume hawasimami bila sababu, akanitazama nikigawa mistari kichwani mwa mteja.

"Binti, mstari huo umeupima na nini?"

"Na macho."

"Iko mingapi yote?"

"Kumi na tisa."

"Umeihesabu?"

"Si kuhesabu. Nikiangalia naona."

Alimgeukia Owino akamwambia nyama inaweza kungoja. Mama, ambaye alidhani napata mchumba mwenye mvi, alimvuta Owino kando. "Huyu mzee anataka nini na mtoto wangu?"

"Anataka macho yake tu, mama. Hakuna ubaya."

Mama hajamsamehe Owino kwa jibu hilo mpaka leo. Lakini Jumatatu nilikuwa maabara, na kuanzia wiki hiyo Owino aliniita Macho, na jina likanishika.

Sasa nieleze kanuni ya chumba kile, maana kila kitu kimekaa juu yake. Hakuna watu wawili wanaohesabu mikwaruzo sawasawa. Mmoja anahesabu hata ule hafifu, mwingine anauruka. Kwa hiyo kabla hujaruhusiwa kugusa jiwe la kazi, unapewa fuwele ambazo umri wake unajulikana kwa njia nyingine, unazihesabu tena na tena, mpaka ipatikane namba inayogeuza hesabu yako kuwa umri wa kweli. Wataalamu wanaiita zeta. Sisi tuliiita namba ya jicho, na ni yako peke yako. Yangu ilinichukua mwaka mzima na madaftari mawili. Ilitoka kubwa kuliko ya Profesa, kwa sababu mimi nilihesabu kwa ubahili, mkwaruzo nisiouamini niliuacha, na yeye alikuwa mkarimu, akiuona mstari aliuhesabu.

Siku ilipopatikana hakuniuliza ni ngapi. Alinipa bahasha, akaniambia niiandike, niifunge, niende nayo nyumbani pamoja na yale madaftari mawili. Kwenye madaftari ya mawe yaliyobaki maabara hatukuandika majina, tuliandika herufi tu za mwanzo. "Jicho halikopeshwi, binti," alisema. "Hesabu yako kwa namba yangu ni uongo. Hesabu yangu kwa namba yako ni uongo. Hata kama sote wawili ni watu wema."

Na hakuwa akisema tu. Kijana mmoja wa mwaka wa nne aliwahi kuchelewa na ripoti, akaazima namba ya mwenzake ili amalize upesi. Profesa aliipasua ripoti mbele yetu sote, vipande vinne, bila kupandisha sauti, akampa chembe mpya na kumwambia aanze moja. Yule kijana alilia. Mimi nilikaa nyuma nikiona fahari, nikijiambia kwamba nimepata mtu wa kufuata.

Uaminifu wake ulichosha. Akikuta kalamu ya idara mfukoni mwake jioni, asubuhi aliirudisha kabla ya chai. Akikosea darasani, wiki iliyofuata alianza kipindi kwa kosa hilo. Hakuwahi kunisifu hata siku moja. Niliwahi kuhesabu chembe arobaini kwa siku, shingo imekauka, akatazama daftari na kusema, "Kesho nayo ipo." Lakini akirudi kutoka Mombasa aliniletea kashata na mabuyu, akaviacha juu ya hadubini bila neno, nami niliona hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Aliogopa lifti, alipenda mbavu zilizokatazwa na daktari wake, na aliwacheka wanaotaka vyeo huku akinuna ukisahau kumwita Prof. Vifurushi vyetu vya chembe vilikuwa lazima viende ng'ambo kupitishwa kwenye mtambo wa nyuklia ili uraniamu yake ipimike, kila chembe imebandikwa karatasi nyembamba ya ulanga, na vikirudi tulikwenda kuvichukua posta. Karani wa forodha, mama mwenye kucha nyekundu, aliona alama ya mionzi akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ni nini?"

"Mawe, dada yangu," akasema Profesa.

"Mawe? Mnaagiza mawe kutoka majuu? Ya Kenya yameisha?"

"Haya yamekwenda kutembea tu. Sasa yamerudi nyumbani."

Alilieleza jambo lote kwa yule mama, foleni nyuma yetu inanung'unika, na alipomaliza yule karani aligonga mhuri na kuuliza kama mtoto wake anaweza kusomea kazi hiyo. Profesa alikuwa hodari wa kumfanya mtu ajione yumo ndani ya jambo kubwa. Najua, maana alinifanyia mimi.

Mwaka wa pili nilimpelekea fomu ya kujiandikisha kwa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimeijaza kwa herufi kubwa, majina yangu yote matatu, na mada: mawe ya magunia yale kumi na moja. Ilihitaji sahihi ya msimamizi tu. "Iache hapo mezani, binti. Tumalize mawe kwanza." Nikaiacha. Mwezi uliofuata kikombe cha chai kilikuwa juu yake. Mwaka uliofuata ilikuwa na duara za chai kama alama ya Olimpiki. Kila nilipouliza, kulikuwa na gunia lingine.

Mama alikuwa na hesabu zake. "Hiyo digrii inaiva lini? Hata githeri inaiva."

"Imebaki magunia matatu."

"Mwaka jana ilikuwa matatu. Hayo mawe yanazaana?"

Nilimtetea. Nilimwambia mama kwamba sayansi haiharakishwi, kwamba mtu yule hawezi kuniangusha, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mama akasema kibaba ni cha nani. Nilimkasirikia siku mbili.

Yapo mambo niliyoyaona na sikuyaelewa. Profesa alianza kusahau miwani nyumbani, akaniomba nimsomee barua. Chai alimimina kwa kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Kazi ya msimamizi ni kuhesabu upya baadhi ya chembe ili kumpima msaidizi, naye alikaa kwenye hadubini akibonyeza kile kidude cha kuhesabia, na kila mara hesabu yake ilikaribia yangu mno. Nilidhani jicho langu limekomaa. Asubuhi moja niliingia nikamkuta anabonyeza, tak, tak, tak, uso juu ya hadubini, na taa ya hadubini haijawashwa. Nilifikiri mzee yuko kwenye mawazo. Nikatoka polepole nisimkatize.

Gunia la kumi na moja nililimaliza mimi. Kwa kanuni yetu umri haukokotolewi kabla ya jiwe la mwisho, ili hamu isiongoze jicho, kwa hiyo nilikwenda nyumbani, nikafungua bahasha yangu na kukokotoa mezani kwa mama, kati ya mafuta ya nywele na vitana. Jibu halikuwa lile alilolipenda Profesa. Mawe mengi yalikuwa yamepanda kabla ya mabamba kuanza kupishana. Kupishana kuliyakuta tayari juu. Nilifurahi, kwa sababu ilikuwa habari, na ilikuwa yangu. Nilimpa Profesa madaftari yote ayapitie, nikamwambia kwamba nina jibu na ninaandika tasnifu. "Vizuri, binti. Usiharakishe." Hakuniuliza jibu ni lipi.

Miezi kadhaa baadaye Owino alinikuta getini na karatasi alizochapisha kwenye cyber moja mjini. Hakunitazama usoni.

"Macho, cheki hii kitu. Halafu usiniulize mimi."

Ilikuwa makala kwenye jarida la ng'ambo. Kichwa chake kilikuwa swali letu, na waandishi walikuwa wawili, Profesa na mgeni mmoja aliyewahi kututembelea kwa wiki moja. Nilisoma nimesimama, karibu na muuza mahindi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jedwali la chembe mwishoni. Mama humtambua mteja wake kwa kisogo, hata katikati ya watu elfu, kwa sababu anaijua kazi ya mikono yake. Mimi nilizitambua hesabu zangu chembe kwa chembe. Ile ya tisa kwenye gunia la nne, niliyoihesabu mara tatu kwa sababu ya ufa. Zile tano za gunia la saba, nilizozihesabu nikiwa na malaria. Juu ya jedwali ilikuwa imeandikwa kwamba mhesabuji ni Profesa.

Kisha nikatazama umri, na umri haukuwa wangu. Mahali nilipopata miaka milioni ishirini yeye alikuwa na kumi na saba na ushei, na hivyo hivyo mpaka chini, kila jiwe limepunguzwa kwa kipimo kile kile. Sikuhitaji karatasi kuelewa. Alikuwa amechukua hesabu ya jicho langu na kuipigia namba ya jicho lake. Hakuwa na njia nyingine. Namba yangu ilikuwa kwenye bahasha nyumbani, na hata angekuwa nayo asingeweza kuitumia, kwa sababu ingetaja mtu wa pili. Basi mawe yote yakawa machanga kuliko yalivyo, na jibu likageuka. Kwenye makala ile mabamba yanaanza kupishana na mawe yanapanda papo hapo, kama alivyotamani siku zote.

Mwishoni kulikuwa na shukrani. Waliushukuru mtambo, waliushukuru mfuko uliowafadhili, na walimshukuru msaidizi wa maabara kwa kuosha na kuandaa sampuli. Msaidizi huyo hakuwa na jina. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda angalau hupiga teke akiwa amekupa mgongo.

"Umechezwa, Macho," Owino alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia lililobaki. Profesa alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hakuwa ameona mkwaruzo wowote kwa miaka minne. Owino alijua. "Aliniapisha. Alisema wakijua watamstaafisha na maabara itafungwa. Sasa mimi ningefanya nini?"

Angeniambia, ndilo angefanya. Lakini sikuwa na hasira ya kumgawia Owino, yote ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Nilimkuta Profesa ofisini, amekaa akitazama dirishani viatu vinapita, kana kwamba anaviona. Niliweka makala mezani.

"Hizi ni hesabu zangu, Prof."

"Mawe niliyabeba mimi, binti. Mgongoni, siku kumi na mbili, jua la kule si la hapa."

"Na macho?"

"Wewe bado kijana. Makala nyingine zitakuja, na jina lako litakuwemo."

Hilo ningeweza kulimeza. Ni aibu kusema, lakini ningelimeza, kwa vile nilivyompenda. Nikamwambia, "Prof, umetumia namba yako."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. Na mtu yule aliyepasua ripoti ya kijana vipande vinne akasema, "Tofauti ni ndogo."

Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo, na matusi ya Kenyatta Market nimekulia ndani yake. Kama alikuwa mwizi, basi aliniibia mimi, na watu huibiwa kila siku. Lakini alikuwa amenifundisha kitu kimoja cha kushika maishani, nikakishika kwa miaka sita, na kumbe yeye alikiacha siku nyingi. Niliinua kikombe chake, nikachukua fomu yangu yenye duara za chai, nikatoka. Alisikia karatasi ikivutwa, akauliza, "Umechukua nini?"

Niliandika barua kwa idara, ikajibiwa kwamba jina langu halimo kwenye orodha ya wanafunzi wa uzamili, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikarudi saluni. Sikurudi kwa kushindwa tu. Mikono yangu ni mizuri na kazi ya kichwa cha mtu huonekana siku ile ile, na mwenye kichwa hukushukuru kwa jina. Mama hakusema nilikuambia. Alinisogezea kiti chake.

Alikuja miaka mitatu baadaye, Jumamosi, saa ya mbavu. Alisimama mlangoni pale pale, amekonda, amevaa miwani mipya. Sikumwona mpaka aliposema.

"Ishirini."

Nilijua sauti kabla ya kugeuka. Alikuwa anatazama mistari kichwani mwa mteja wangu.

"Kumi na tisa," nikasema. "Huo wa pembeni si mstari, ni kovu."

"Nilikuwa nikihesabu kila kitu siku zote." Akatabasamu. "Wamenifanyia upasuaji, binti. Yote mawili. Nakuona."

Mama alikuwa kwenye kiti cha pili, ameshika draya juu ya nywele za mtu. Alimwonyesha Profesa benchi kwa kidevu, kama anavyomwonyesha mtu wa kodi ya jiji. Akakaa. Alitoa daftari na kalamu kwenye ule mkoba wake, akaviweka magotini, na akaeleza. Watu wengine ng'ambo walikuwa wamepima mawe ya ukingo ule ule kwa njia nyingine. Hawakubaliani naye. Wanamwandikia barua. Naye, tangu apone, amekaa na zile chembe mwenyewe na ameona jinsi nilivyohesabu, kwa ubahili, na ameelewa kosa limekaa wapi.

"Nataka kulisahihisha kabla sijafa. Nina madaftari yako yote. Nimepungukiwa na namba ya jicho lako tu."

Niligawa mstari, nikaupaka mafuta.

"Mawe hayana kosa, binti. Yana haki ya umri wake."

Hapo alinigusa, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu hata sasa alijua pa kunigusa. Namba ile naijua kwa moyo kama watu wanavyojua namba ya simu ya nyumbani. Ilikuwa ulimini. Nilifikiri: sema tu, yaishe, mawe yapate haki yao hata kama wewe hukupata.

"Jina langu kwanza," nikasema. "Juu, na waandishi. Andika sasa nikiona, halafu nikutajie namba."

Nilitarajia abishe. Hakubisha hata kidogo. Alisema ni haki yangu, kwamba ilipasa iwe hivyo tangu mwanzo, na maneno hayo niliyangoja kwa miaka, na nakiri kwamba macho yalinijaa. Alifungua daftari ukurasa mpya. Akaandika majina yake, yote matatu, kwa ile hati yake nzuri. Akaweka mkato. Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

Mama alizima draya.

Profesa aliinua uso, na kwa macho yale mapya, mazima, yanayoona mkwaruzo ndani ya chembe ya mchanga, akanitazama vizuri.

"Jina lako kamili ni nani, binti?"

Nilimwambia mteja ainamishe kichwa. Niliendelea kusuka. Alingoja kwa muda, kalamu mkononi, kisha aliuliza tena kwa upole, kisha akafahamu. Alifunga daftari, akaomba radhi kwa mama yangu kwa kuchukua nafasi ya wateja, akaenda. Hakununua nyama siku hiyo.

Makala haijasahihishwa. Mawe yale bado yana umri wa uongo, na uongo huo sasa nusu ni wangu, najua, kwa sababu naweza kuumaliza leo kwa kutaja tarakimu tatu. Mawe hayakunikosea. Siku nyingine nachukua bahasha, naitazama, nairudisha chini ya vitana.

Jina la Profesa mimi nalijua, yote matatu, pamoja na jinsi anavyopenda yaandikwe. Nimeandika kurasa hizi zote na sikuliandika.